Utepe Kwenye Pengo la Kitopeni

Hapo juzi, wala si zamani za kale, maana zamani za kale za nchi ile zilikuwa bado zinahakikiwa na kamati, kijiji cha Kitopeni kilikaa kwenye kiwiko cha mto Luhombe. Maji ya Luhombe yakishuka kutoka milimani huja na haraka zao, na mwenye haraka hapendi kona. Kwa hiyo wazee wa Kitopeni walijenga tuta.

Lilikuwa tuta la udongo mtupu, refu kupita kichwa cha mtu mrefu, limeshikwa na mizizi ya matete pande zote mbili. Hakuna mhandisi aliyelichora. Kila kaya ilikuwa na hatua zake kumi na mbili za tuta, na kila mwaka baada ya mavuno kaya ilishindilia hatua zake, ikaziba mashimo ya panya na kupanda matete upya. Baba akifa, watoto walirithi kwanza hatua, ndipo wakagombania shamba.

Palikuwa na adhabu moja tu. Kaya iliyoacha hatua zake zilegee, siku ya harusi yoyote kijijini ilitengewa mkeka wa peke yake na kuletewa sahani ya ukoko, ule wali ulioungua na kugandamana chini ya sufuria, bila mchuzi. Hakuna aliyesema neno. Mla ukoko alikula, akanawa, akaenda zake, na kesho yake alfajiri alionekana tutani na jembe. Kwa miaka sitini adhabu hiyo haikukatiwa rufaa.

Mnyapara wa tuta alikuwa Somoe Kaundime, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mwenye sauti ndogo na kumbukumbu ndefu. Cheo chake hakikuwa na mshahara wala kofia. Hatua zake kumi na mbili zilikuwa pale pale kwenye kona, mahali ambapo mto hugonga kwanza, na alizishindilia kwa namna mtu anavyotandika kitanda cha mgonjwa. Jirani yake kwenye tuta alikuwa Mzee Lihundi, mtani wake wa kabila kwa kabila, ambaye kwa haki ya utani alimwita mchawi kila asubuhi kabla ya kumsalimu.

Katika unyapara wake wote Somoe aliamuru ukoko mara mbili tu, na moja ilikuwa kwa Lihundi. Mzee aliumaliza wote akaomba kuongezewa. "Baba yangu hakuniachia kitu ila meno," alisema. "Acha niyatumie." Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika tutani.

*

Serikali ya nchi ile ilikuwa sikivu sana. Iliposikia kwamba tabianchi inabadilika, nayo ilibadilika: ikaunda Wizara ya Ustahimilivu, Tabianchi na Sherehe. Wizara ikaajiri maafisa, maafisa wakavikwa fulana za rangi ya chungwa zinazong'aa na mabuti ya mpira, wakatawanywa nchi nzima katikati ya kiangazi kupima ustahimilivu wa wananchi.

Aliyeangukia Kitopeni aliitwa Bwana Mkonongo. Alikaa barazani kwa Somoe, akanywa maji ya mtungini, akafungua fomu yenye kurasa kumi na tisa.

"Katika miaka kumi iliyopita, mmefurikiwa mara ngapi?"

"Hatujafurikiwa," alisema Somoe, na hakuficha fahari yake.

"Sifuri," Bwana Mkonongo aliandika. "Waliokufa kwa mafuriko?"

"Hakuna."

"Sifuri. Nyumba zilizobomoka?"

Lihundi, ambaye hakualikwa, alidakia kutoka mlangoni. "Moja. Yangu."

Bwana Mkonongo aliinua kichwa kwa matumaini. "Kwa maji?"

"Kwa mke wangu wa pili."

"Sifuri." Alijumlisha, akajumlisha tena kwa huruma, akaweka kalamu chini. "Bi. Somoe, niseme na wewe kama ndugu. Hali yenu ni mbaya mno. Mmepata sifuri kwa mia. Wenzenu wa Mbondo, hapo ng'ambo, wamefurika mara tatu, wamezika, wamelala makaburini kwa kuwa ndiko kwenye mwinuko. Wamepata themanini na nne. Wale ndio watu wanaojua kustahimili. Ninyi mmekaa tu."

"Hatukukaa, mwanangu. Tumejenga."

"Kujenga si kustahimili. Mtu ambaye hajawahi kupigwa, utajuaje kama ni mvumilivu?"

Somoe alilitafutia jibu swali hilo, hakulipata, na mpaka leo hajalipata. Alimchukua afisa kwa mkono akamwonyesha tuta. Bwana Mkonongo alilitazama kuanzia juu mpaka chini, akapekua kurasa zote kumi na tisa. Hapakuwa na mahali pa kuandika tuta. Mwishowe aliliandika ukurasa wa kumi na saba, chini ya kichwa "Vizuizi vya Njia".

*

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema kwamba kijiji chochote kitakachopata chini ya alama arobaini kitahesabiwa kuwa hatarini, na wakazi wake watahamishiwa Uwanda wa Magadi kwa usalama wao. Uwanda wa Magadi ulikuwa salama kweli kweli. Hapakuwa na maji ya kufurika pale, wala ya kunywa, wala ya kuoshea maiti.

Lakini Serikali haimtupi mwana wake. Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Kijiji kitakachokubali kuwa mwenyeji wa Uzinduzi wa Mkakati wa Taifa wa Kuzijengea Jamii Ustahimilivu kingepewa alama hamsini za upendeleo. Mheshimiwa Waziri alikuwa tayari kuzindua Kitopeni. Angefika Jumanne na magari ishirini na mawili.

"Na magari yatapita wapi?" aliuliza Somoe.

"Ndilo nililokuja kuzungumza," alisema Bwana Mkonongo, akifungua futi ya kupimia. "Uwanja wa sherehe uko ndani ya tuta. Mheshimiwa yuko nje ya tuta."

"Wageni wote hupanda ngazi ile ya udongo. Askofu alipanda. Bibi harusi hupanda."

"Mheshimiwa hapandi."

"Basi asimame kule kule atuzindue kwa kipaza sauti," alisema Lihundi. "Tutamsikia. Sisi si viziwi, tuna sifuri tu."

Bwana Mkonongo alipima mahali barabara inapokutana na tuta. Futi ilianza na kuishia ndani ya hatua kumi na mbili za Somoe, utadhani aliyeitengeneza alikuwa na kisasi naye.

Kijiji kilikaa kikao tangu asubuhi hadi jua kuchwea. Upande mmoja palikuwa na pengo, upande wa pili Uwanda wa Magadi. Somoe aliwasikiliza wote. Alijua kwamba mvua za milimani zilikuwa bado wiki sita, na pengo lile, watu wote wakishika majembe, lingezibika kwa siku tatu. Aliuliza swali moja: lini wangeruhusiwa kuziba? Bwana Mkonongo akaandika mbele ya watu wote, akapiga muhuri: "Pengo litazibwa mara baada ya uzinduzi."

Somoe aliikunja karatasi ile akaiweka kwenye kibindo. Kisha alichukua jembe mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine afanye, akaanza kubomoa hatua za baba yake.

*

Jumanne Mheshimiwa hakufika. Lilifika gari moja likashusha vitu vitatu: zulia jekundu, jukwaa la mabomba, na utepe wa hariri wa rangi za bendera. Utepe ulifungwa kwenye pengo kutoka ncha hadi ncha, na mgambo mmoja akawekwa kuulinda. Mgambo huyo, Chopa, alikuwa mzaliwa wa pale pale Kitopeni. Kaka yake ndiye aliyeshika hatua kumi na mbili za kwao, naye Chopa alishika kirungu.

"Mheshimiwa amepatwa na dharura," alieleza Bwana Mkonongo. "Ameitwa ng'ambo, kwenye mkutano wa dunia wa ustahimilivu. Anawahutubia juu yenu. Amebeba picha ya tuta."

"Lenye pengo au lisilo na pengo?" aliuliza Somoe.

"Lisilo na pengo. Wafadhili wanapenda kitu kizima."

Jumanne ya pili Mheshimiwa alikuwa kwenye mkutano wa kutathmini mkutano ule wa kwanza. Jumanne ya tatu alipumzika kwa amri ya daktari. Ya nne, redio ilitangaza kwamba uzinduzi wa Kitopeni unaendelea vizuri. Somoe alikwenda ofisini kwa Bwana Mkonongo na karatasi yake ya muhuri.

"Uliandika mara baada ya uzinduzi. Wiki nne sasa."

"Nami nimesimama na neno langu, mama. Uzinduzi haujawa. Utepe haujakatwa. Sasa wewe unaniomba nizibe baada ya kitu ambacho hakijatokea? Hizo ni imani za kishirikina."

Wakati huo huo mjukuu wa Mzee Lihundi aliolewa. Somoe alikwenda harusini na kanga zake nzuri, akapita mikeka yote ya watu, akaenda kukaa peke yake pembeni, karibu na jiko. Wapishi walimtazama.

"Nileteeni ukoko," alisema.

"Mama Somoe, hukuacha wewe. Ulilazimishwa."

"Hatua zangu zimelala wazi. Sheria haina 'nililazimishwa'. Nileteeni."

Hakuna aliyethubutu kuukwangua. Mwishowe Lihundi mwenyewe, babu wa bibi harusi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi, alichukua mwiko akaukwangua, akaja na sahani moja, akakaa mkekani kando yake.

"Sogea, mchawi," alisema. "Nusu yako nusu yangu. Nilikuwapo siku ya kikao, na mdomo ninao."

Wakala kimya, na ukoko ukalia menoni mwao kuliko ngoma.

*

Wiki ya tano siafu walianza kuhama bondeni kupanda juu, na mayai yao midomoni. Mto haukuwa umeongezeka hata kidole, lakini ulibadilika rangi, ukawa kama chai iliyotiwa maziwa, na ulinuka udongo wa mbali. Somoe alichota kiganjani, akanusa, akapiga mbiu. Watu wakatoka na majembe na karai.

Chopa aliwasimamisha kwenye utepe. Hakuwa na ukali. Alikuwa na aibu, na aibu yenye sare ni mbaya kuliko ukali.

"Dada Somoe, nisaidie. Utepe huu una namba ya Serikali. Nimeusainia."

"Hatuugusi. Tutajenga nyuma yake."

"Nyuma yake ni njia ya Mheshimiwa. Nayo nimeisainia."

"Chopa," alisema Lihundi, "mama yako alikuzaa ndani ya tuta hili au ulisainiwa?"

Chopa alipiga simu. Bwana Mkonongo alikuja mbio na mabuti yake, na safari hii, tumtendee haki, alitazama mto na uso ukamshuka. Aliomba ruhusa wilayani. Wilaya ikasema ni suala la mkoa. Mkoa ukasema pengo si mali ya mkoa, ni mali ya Itifaki. Itifaki ikauliza kama maji yanayotarajiwa yamealikwa rasmi. Baada ya siku tatu jibu lilitoka, nalo lilikuwa la kufurahisha: pengo liruhusiwe kuzibwa kwa muda, kwa kutumia viroba vya mchanga vilivyoidhinishwa na Wizara, ambavyo viko njiani.

Viroba vilifika. Vilikuwa mia tatu, vyeupe, vizuri, na kila kimoja kilichapwa picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Mchanga ungefuata. Watu hawakungoja mchanga. Walianza kujaza udongo. Ndipo Bwana Mkonongo alipoufungua waraka ulioambatanishwa, akausoma kwa sauti iliyokuwa ikififia. Picha ya Mheshimiwa isichafuliwe kwa tope. Isilazwe chini. Isikanyagwe. Isielekezwe mtoni.

"Sasa tuvifanyeje?" aliuliza Somoe.

"Waraka unasema vitundikwe," alisema Bwana Mkonongo, na kwa mara ya kwanza hakumtazama machoni.

Wakavitundika. Vilipepea juu ya miti pande zote mbili za pengo, mia tatu, vikitabasamu.

*

Maji yalikuja Alhamisi saa nne asubuhi, jua likiwa kali, bila tone la mvua kijijini. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tangu usiku wa manane Somoe na watu wapatao arobaini walikuwa wamemshinda Chopa, au tuseme Chopa aliamua kugeuka upande wa pili na kutazama matete, nao wakajenga nyuma ya utepe mpaka udongo ukafika kiunoni. Kiuno hakitoshi.

Waliokuwa pale walisimulia kwamba mto ulisimama kidogo mbele ya utepe, kama mgeni anayesubiri kutajwa jina. Kisha ukaukata. Ukapita juu ya zulia jekundu, ukalibeba jukwaa zima likiwa limesimama, na ukaenda nalo mpaka katikati ya kijiji.

Watu walipona kwa sababu walikuwa macho. Walipanda juu ya kile kilichobaki cha tuta, wakakaa pale siku mbili na mbuzi zao. Lakini ghala la mbegu lilikuwa bondeni. Humo ndimo Kitopeni iliweka mpunga wa shingo ndefu, ule ambao maji yakipanda nao hupanda, mbegu ambayo haipatikani kwingine. Mzee Lihundi aliingia ghalani mara mbili akatoka na kiroba begani.

"Mtani, inatosha," Somoe alimwita kutoka juu.

"Mbili ni za kula, mchawi. Ya tatu ndiyo ya kupanda."

Aliingia mara ya tatu, na ukuta ukaanguka.

Walimpata Jumamosi, amekumbatia kiroba kilekile. Kwa haraka alichukua kilichokuwa karibu, kimojawapo cha vile vya Wizara. Mpunga ulikuwa umekwisha kuchipua, na machipukizi yalikuwa yametoboa mashavu ya Mheshimiwa.

*

Kwa desturi, mtani akifa, mtani wake hana ruhusa ya kulia kabla ya kuwachekesha waombolezaji. Watu walisimama kwenye kaburi, juu ya tuta, kwa sababu kwingine kote kulikuwa tope. Walimtazama Somoe. Alikuwa na miaka thelathini ya matusi mazuri aliyomwekea Lihundi, na hakuna hata moja lililokubali kutoka.

Asubuhi ile barua ya Wizara ilikuwa imefika kwa mtumbwi. Aliitoa kwenye kibindo, akaisoma polepole, bila kuongeza neno.

"Ndugu Marehemu. Wizara imepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo chako na inakupa pole. Aidha, kumbukumbu zinaonyesha kwamba ulichukua kiroba nambari mia moja na kumi na nne bila kujaza fomu. Unatakiwa kukirejesha ndani ya siku saba kikiwa kikavu, na kueleza kwa maandishi kwa nini kililoa. Ukishindwa kufika wewe mwenyewe, mtume mwakilishi. Wizara inakutakia ustahimilivu mwema."

Kisha mjane wa Lihundi, yule wa pili aliyewahi kubomoa nyumba, alianza kutikisika mabega. Akafuata mwingine. Watu wakacheka wakajishika mbavu, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na katikati ya kicheko hicho sauti ziligeuka zenyewe, bila mtu kuamua, zikawa kilio. Somoe ndipo naye alipopata ruhusa yake.

*

Mwezi uliofuata Bwana Mkonongo alirudi na fomu yake. Mafuriko: moja. Nyumba zilizobomoka: sitini na tatu. Waliokufa: mmoja. Utepe umekatwa: ndiyo. Alijumlisha bila kuinua kichwa. Kitopeni ilikuwa imepata alama tisini na saba, ya kwanza kitaifa.

Na sasa Mheshimiwa alifika. Barabara ilikuwa imechukuliwa na maji, kwa hiyo alikuja kwa helikopta, akatua ndani ya tuta bila kuhitaji pengo la mtu. Alihutubia saa mbili.

"Wananchi wa Kitopeni," alisema, "nilipokuwa nikizungumza na mataifa juu yenu, sikujua kama mtaniaibisha au mtanipa heshima. Mmenipa heshima. Mlipigwa, mkavumilia. Mkazama, mkaibuka. Hakuna mfadhili aliyewasaidia, na hilo ndilo la kujivunia. Kuanzia leo pengo hili ni Kumbukumbu ya Taifa. Halitazibwa milele, ili vizazi vijavyo vije kuona mahali ambapo ustahimilivu ulianzia."

Utepe mpya ulifungwa kwenye pengo. Chopa akapewa kuulinda. Somoe aliitwa mbele, akavikwa nishani ya Mama Mstahimilivu, akapewa mkono. Mkono ule ulikuwa laini na mkavu, kama kiroba ambacho hakijatumika.

Serikali ilikuwa imeleta mchele wa sherehe kwa ajili ya wageni, na wanawake wa Kitopeni walipewa kuupika. Mheshimiwa alisema, kwenye kipaza sauti, kwamba hataki chakula cha mjini. Anataka kula kile wanachokula wananchi. Somoe aliingia jikoni. Alichochea moto chini ya sufuria kubwa mpaka harufu ikabadilika, akangoja, akachukua mwiko ule ule wa Lihundi.

Alimtengea Mheshimiwa mkeka wa peke yake. Mheshimiwa alifurahi, alidhani ni heshima. Alimletea sahani ya ukoko bila mchuzi, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, akarudi nyuma.

Kijiji kizima kilinyamaza. Watoto walinyamaza. Mtu mmoja alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo kila aliyekuwapo, mpaka rubani wa helikopta, alisikia Mheshimiwa akitafuna. Alitafuna muda mrefu. Bwana Mkonongo, ambaye kwa sasa alikuwa amekaa Kitopeni vya kutosha kujua anachokiona, alitazama ncha za mabuti yake.

"Mgumu," alisema Mheshimiwa mwishowe, na macho yake yaling'aa. "Mgumu, lakini unatafunika. Hiki ndicho chakula cha ustahimilivu."

Akaagiza papo hapo kiandikwe. Alikula robo, akawaachia wananchi sahani, akapanda helikopta yake akaenda zake.

Sahani ilibaki mkekani. Watu walipokuwa wakitawanyika, Chopa aliondoka kwenye lindo lake. Alikwenda polepole, akapiga magoti kwenye mkeka, akala kilichobaki kipande kwa kipande, mpaka akaiokota na chenga ya mwisho. Akanawa. Hakumtazama mtu.

*

Tangazo lilitolewa redioni usiku ule ule. Kuanzia sasa, katika dhifa zote za kitaifa, mlo wa kwanza utakuwa ukoko bila mchuzi. Na ndivyo ilivyo hadi leo. Mawaziri hula, majaji hula, majenerali hula na nishani zao, mabalozi huula kwa tabasamu. Spika, ambaye meno yake ni ya bandia, huumung'unya. Mpishi wa Ikulu amepelekwa masomoni ng'ambo kujifunza kuunguza.

Alfajiri iliyofuata Somoe alikwenda kwenye pengo. Mto ulikuwa umeshuka, umelala kama usiojua lolote. Nyuma yake, ndani ya kijiji, vitalu vya mpunga wa shingo ndefu vilikuwa vimeanza kuwa kijani: viroba viwili vikavu, na kile cha tatu kilichochipua mapema. Mvua nyingine za milimani zilikuwa bado miezi minne.

Alikuwa amebeba majembe mawili, kwa sababu sheria ni sheria, na jana yake palikuwa na mtu aliyekula ukoko. Alikaa juu ya ncha ya tuta akingoja. Jua likapanda. Barabara iliyokuwa imebomoka haikutoa mtu, wala anga haikutoa mlio.

Kisha matete yakachakacha upande wa kijijini. Chopa alikuja bila kirungu. Alivua shati la sare, akalikunja vizuri, akalitundika juu ya utepe wa Kumbukumbu ya Taifa, akanyoosha mkono.

Somoe alimpa jembe la pili. Katika walaji wote wa ukoko wa nchi nzima, tangu siku ile mpaka leo, yeye ndiye peke yake aliyekuja.